Filamu au Dijitali: Kamera Ipi Imfaayo Mpenda Picha?



Twaulizwa mara kwa mara, hasa na vijana wa masomo na walimu wao, neno moja: mtu apendaye kupiga picha, si kwa biashara bali kwa kuipenda kazi yenyewe, tena atakaye kuifanya vizuri, achukue kamera gani? Ile ya filamu iliyotumiwa na baba zetu, au ile ya dijitali iuzwayo leo mijini? Wengine hujibu kwa haraka kwamba cha zamani kimekufa. Wengine hushika kwamba picha ya kweli ni ya filamu tu. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Yafaa kwanza tujue kila chombo hufanyaje kazi, ndipo tuchague kwa akili.

Kazi ya mwanga

Katika kamera zote mbili mwanzo ni mmoja. Mwanga huingia kwa lenzi, hupita katika tundu liwezalo kupanuliwa au kupunguzwa, na kilango hufunguka kwa kitambo kidogo, pengine sehemu moja ya 125 ya sekunde. Tofauti huanza nyuma ya kilango hicho.

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa gelatini yenye chembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa, chembe hubadilika bila kuonekana kwa macho. Ndipo filamu husafishwa gizani: dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa kuwa fedha nyeusi, na dawa ya mwisho huziondoa zile zisizoguswa. Kinachobaki ni negativu, ambamo nguo nyeupe huonekana nyeusi, na nywele nyeusi huonekana kama kioo kitupu.

Kamera ya dijitali haina filamu. Mahali pake pana sensa, yaani bamba dogo lenye mamilioni ya vituo vya kupokea mwanga. Kila kituo hugeuza mwanga kuwa umeme, na kipimo cha umeme huo huandikwa kwa tarakimu katika kadi. Kamera ya kwanza ya namna hii iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa Kodak huko Marekani. Ilikuwa na vituo 10,000 tu, na iliandika picha moja kwa sekunde 23 katika kanda ya kaseti. Leo kamera ya kawaida ina vituo milioni 20 na zaidi. Kumbe kampuni iliyomzaa mtoto huyo ndiyo iliyokuwa ikiishi kwa kuuza filamu! Mwezi wa Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Hata hivyo filamu haikufa. Zile nyeusi na nyeupe, na baadhi za rangi, zingali zikitengenezwa.

Wakili wa Torino

Anayedhani kwamba mtu asiyeishi kwa kazi ya picha hawezi kufanya jambo kubwa, na amkumbuke Secondo Pia. Alikuwa wakili katika mji wa Torino, Italia, na kupiga picha kulikuwa mapenzi yake tu. Mwezi wa Mei 1898 alipewa ruhusa ya kupiga picha ya Sanda iheshimiwayo katika kanisa kuu la mji huo. Jaribio la kwanza, tarehe 25, halikufaulu. Tarehe 28 alirudi usiku na taa za umeme na mabamba makubwa ya kioo. Alipoyasafisha, aliona katika negativu sura ya mtu iliyo wazi kuliko ile ionekanayo kwa macho katika kitambaa.

Hapa hatubishani juu ya asili ya kitambaa hicho. Kanisa huwaachia wataalamu uchunguzi huo. Twataka kuonyesha uvumilivu wa mpenda picha: alishindwa, akatafuta sababu, akarudi. Mwaka 2008 kitambaa kilekile kilipigwa picha za dijitali zaidi ya 1,600, zikaunganishwa kuwa moja, hata nyuzi zake zaonekana. Basi bamba la kioo lilifunua jambo ambalo jicho halikulijua, na dijitali ikafunua udogo ambao bamba halikuufikia. Kila chombo kina kipawa chake.

Siku ya Komunyo ya kwanza

Tuje sasa kwetu. Mtihani mkubwa wa mpiga picha katika parokia zetu ni siku ya Komunyo ya kwanza: watoto wenye nyuso nyeusi, nguo nyeupe pepe, na jua kali mbele ya kanisa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui uso wala nguo. Hudhani kwamba kila kitu kilicho mbele yake ni cha kijivu. Kikiona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na nyuso za watoto huwa giza, hata mama asimtambue mwanawe. Wala filamu za rangi za zamani hazikutusaidia sana, kwani kwa miaka mingi rangi zake zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe.

Hapo kamera hizi mbili hutaka desturi mbili zinazopingana. Negativu huvumilia mwanga mwingi, lakini haisamehi giza: pasipoandikwa kitu, hakuna dawa ya kukileta. Kwa hiyo mwenye filamu na apime mwanga karibu na uso wa mtoto, aufuate uso. Nguo itajitunza yenyewe. Dijitali ni kinyume. Giza laweza kuinuliwa baadaye katika kompyuta, hasa ikiwa picha imehifadhiwa katika faili ghafi, yaani kabla kamera haijaipunguza na kuipamba. Lakini nguo iliyokwisha kuungua kwa mwanga haina tena mikunjo wala darizi. Imekuwa karatasi tupu. Kwa hiyo mwenye dijitali na ailinde nguo isiungue, kisha auinue uso. Au afanye lililo bora kwa wote wawili: awaondoe watoto juani, awapange kivulini, chini ya mwembe au barazani penye mwanga mpole.

Ndani ya kanisa dijitali hushinda. Filamu nyingi zina nguvu ya 400. Kamera ya dijitali hupanda mpaka 3,200 au 6,400 na picha yafaa bado. Hivyo mpiga picha hana haja ya kumulika taa wakati wa mageuzo na kuwavuruga watu katika sala. Tena huona kosa lake papo hapo, akalisahihisha kabla watoto hawajatawanyika.

Shule ya picha 36

Filamu nayo ina fadhila yake. Utepe wa kawaida huchukua picha 36. Kamera za mraba wa sentimita sita huchukua 12 tu. Kila picha ina bei yake, nayo hairudi. Kwa hiyo mtu hutazama, hungoja, huchagua. Mwenye kadi ya picha elfu mbili hufyatua bila kutazama, jioni hana hata moja ya kuweka ukutani.

Lakini tuseme kweli: katika sehemu nyingi za nchi yetu filamu haipatikani, na mafundi wa kusafisha ni wachache. Joto na unyevu huiharibu kabla haijasafishwa. Dawa za filamu nyeusi na nyeupe hupimwa kwa kawaida kwa maji ya digrii 20. Huko Lubumbashi mwezi wa Juni na Julai baridi husaidia. Kinshasa au Kindu sharti uyapoze maji, au upunguze dakika.

Hazina ya jamaa

Tumefikia sasa neno lililo zito kuliko yote. Picha hupigwa ili ikae. Antoine Freitas alijipiga picha huko Bena Mulumba, Kasai, mwaka 1939, akiwa kazini na kamera yake ya sanduku. Hata leo twamwona. Jean Depara alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 kwa ajili ya ndoa yake, akawa mpiga picha mashuhuri wa Kinshasa. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2015 picha zake zilionyeshwa Paris. Naye Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, akaziweka juu ya picha mpya za viwanda vya Gécamines vilivyoachwa ukiwa. Kazi hiyo ya mwaka 2006 isingaliwezekana kama karatasi za zamani zingalitupwa.

Je, wajukuu wetu watakuta nini? Negativu iliyotunzwa pakavu hudumu miaka mingi, na yeyote huweza kuiinua dirishani akaona bibi yake. Kadi iliyovunjika haionyeshi kitu. Simu iliyoibwa huondoka na ubatizo, ndoa na mazishi ya jamaa nzima kwa saa moja. Twajua nyumba ambamo picha ya baba wa mwaka 1960 ingaliko ukutani, wala hapana hata moja ya watoto waliozaliwa juzi, ijapokuwa walipigwa picha kila siku.

Shauri letu

Basi, asiye na kamera na atafute ya dijitali, hata iliyokwisha kutumiwa, mradi aweze kupanga mwenyewe tundu, kilango na nguvu ya mwanga. Asiibadilishe kila mwaka kwa ajili ya fahari. Akumbuke kwamba betri nyingi za vyombo hivi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika ardhi yetu, pengine kwa jasho la maskini wa Kolwezi. Aliyerithi kamera ya filamu asiiuze kwa dharau; akipata filamu na dawa, na ajifunze kwayo subira. Na wote wawili watumie kanuni ya mwalimu: siku ya sherehe, jihesabie picha 36 tu.

Kisha kila mwaka chagua picha kumi na mbili, uzichapishe katika karatasi. Nyuma yake andika kwa penseli majina, mahali na tarehe, kwani uso usio na jina husahauliwa upesi. Nyingine zihifadhi mahali pawili, nyumba mbili mbalimbali. Kazi hii yaweza kufanywa na mwana wa shule siku ya Dominika baada ya Misa, akiketi na babu yake na kumwuliza: «Huyu ni nani?» Asingoje mpaka babu awe hayupo wa kumjibu.