Matunguu ya nyika yaweza kuokoa bustani na maji

Kila kiangazi kinapozidi jijini Nairobi na miji mingine nchini, bustani huwa za kwanza kuonyesha dalili. Nyasi hukauka, mawaridi husinyaa na mwenye nyumba hulazimika kuamua iwapo atanunua maji ya kunyunyizia maua au atayaacha yafe.

Uamuzi huo umekuwa mgumu zaidi miaka ya karibuni. Kati ya 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli kwa mfululizo. Wakenya zaidi ya milioni 4 walihitaji msaada wa chakula na mifugo zaidi ya milioni 2 ikaangamia. Kisha mwaka wa 2024, mvua ya masika ilileta mafuriko yaliyowaua watu zaidi ya 200.

Mbele ya maafa kama hayo, mjadala kuhusu maua waweza kuonekana wa anasa. Hata hivyo, maji yanayomwagwa bustanini hutoka katika mabwawa yayo hayo yanayotegemewa na mamilioni ya watu kwa kunywa na kupika. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Kaunti ya Murang'a, lenye uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo. Kiwango chake kiliposhuka, mgao wa maji ulianza jijini Januari 2017, na hadi leo mitaa mingi hupata maji kwa ratiba.

Katika mitaa ya mabanda, maji hununuliwa kwa mtungi, na lita moja humgharimu mkazi huko zaidi ya inavyomgharimu mwenye mfereji nyumbani. Kwa hivyo, swali la nini kipandwe katika bustani za wenye nafasi ni swali la haki pia.

Jibu moja limekuwa ardhini tangu jadi. Nyika za Kenya zina mimea mingi ya maua inayoota kutokana na matunguu, yaani sehemu zilizonona chini ya ardhi mfano wa kitunguu, au kutokana na viazi. Mvua inaponyesha, majani hutengeneza chakula na kukiweka akiba humo pamoja na maji. Kiangazi kikifika, majani hufa na mmea hulala usingizi. Asiyejua hudhani umekufa, ilhali unasubiri mvua.

Miongoni mwake ni Scadoxus multiflorus, ambao hutoa kichwa cha maua mekundu kilicho duara kama mpira mara tu mvua inapoanza. Kuna pia Gloriosa superba, mmea unaotambaa wenye maua ya rangi nyekundu na manjano mfano wa ndimi za moto, ambao ndio ua la taifa la Zimbabwe. Aina za Crinum na Ammocharis nazo hustawi katika mbuga na nyanda kavu.

Adui mkubwa wa mimea hii ni maji yanayotuama, wala si ukame. Udongo mweusi unaopatikana sehemu nyingi za Nairobi hushika maji na kuozesha tunguu. Anayeishi penye udongo huo hana budi kuinua tuta na kuchanganya mchanga na mbolea iliyooza vizuri. Shingo ya tunguu la Crinum huachwa ikichungulia juu ya ardhi. Kiazi cha Gloriosa hulazwa ubavu, sentimita chache chini ya udongo, na ncha yake isivunjwe kwa kuwa ndiko chipukizi hutokea.

Aidha, majani yanayogeuka manjano hayafai kukatwa mapema, kwani bado yanarudisha akiba chini. Yakishakauka, kunyunyizia maji kukome kabisa hadi msimu ujao. Hapo ndipo mwenye bustani huokoa maji.

Tahadhari ni muhimu vilevile. Sehemu zote za Gloriosa zina sumu kali, na katika nchi za Asia watu wamewahi kufa baada ya kula viazi vyake wakidhani ni chakula. Crinum na Scadoxus pia zina sumu. Penye watoto wadogo au mbuzi, yafaa zipandwe mahali palipozungushwa ua.

Afrika Kusini inatoa funzo. Ukame ulipoikumba Cape Town, kuanzia Februari 1, 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku, na kunyunyizia bustani maji ya mfereji kukapigwa marufuku. Wakazi walibana matumizi, mvua ikaja, na siku ya mifereji kufungwa ikaepukwa. Hata hivyo, si busara kwa Wakenya kuagiza matunguu ya huko kiholela. Mengi ya eneo la Cape yamezoea mvua ya majira ya baridi na kiangazi kirefu kimoja, tofauti na masika na vuli za hapa.

Hatari kubwa zaidi ni tamaa. Soko likipanuka, njia rahisi kwa mfanyabiashara itakuwa kung'oa matunguu porini. Scadoxus iliyopandwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua, na wachache wana subira hiyo. Porini pakishapokonywa, hakutakuwa na mbegu ya kuanzia.

Kenya haikosi ujuzi wa kuzuia hilo. Sekta yake ya maua huuza mawaridi Ulaya kila siku, na taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ina kituo cha kilimo cha bustani karibu na Thika. Kinachokosekana ni mpango wa kuwapa wauzaji miche wa kandokando ya barabara mbegu halali na mafunzo ya kuzizalisha. Serikali za kaunti, ambazo hupamba barabara na bustani za umma kwa fedha za mlipa ushuru, zingeweza kuwa wanunuzi wa kwanza.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Matunguu ya nyika yamelizingatia hilo kwa karne nyingi. Yaliyosalia ni kwa wapangaji wa miji kuiga.