Mkeka wa Timu Kumi

Tangu tarehe 1 Mei 1961, siku ambayo maduka ya kupokea dau yalihalalishwa katika mitaa ya Uingereza, na kwa miaka mingi baadaye, mtu aliyetaka kucheza kamari ya michezo aghalabu alilazimika kuvaa koti, kutoka nje na kuvuka kizingiti ambacho jirani aliweza kumwona akikivuka. Leo duka hilo limo mfukoni mwake, halifungwi usiku wala sikukuu, na mkewe aliyeketi ubavuni pake sebuleni hudhani kwamba bwana anasoma ujumbe kutoka nyumbani.

Tumeona ni wajibu kuliandika jambo hili, ndugu wasomaji, kwa kuwa jumuiya yetu huku Uingereza ina namna yake ya kuingiliwa na maradhi haya. Wengi wetu hufanya kazi za zamu. Mtu arudipo alfajiri kutoka nyumba ya wazee alikokesha, aila yake imelala au iko ng'ambo, masahibu zake wako kazini, na kilicho macho pamoja naye ni simu tu, yenye mechi ya daraja la pili ya nchi asiyoweza kuionyesha katika ramani. Mwenzetu mmoja, aliyeturidhia tuyaseme haya pasi na kumtaja jina, alikuwa akijenga kwao. Nyumba ilipofika lenta, fundi akawa anamletea picha kila juma akidai fedha za mbao na mabati, naye akawa anazijibu picha hizo kwa visingizio, maana fedha za mabati zilikwisha kwenda kidogo kidogo, pauni 20 leo na 50 kesho, katika mikeka, yaani dau la mechi nyingi kwa pamoja, ambayo kila mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, ulichanwa na timu moja tu.

Hiyo timu moja tu yastahiki kutazamwa kwa makini. Tuseme mtu amechagua timu kumi, kila moja ikiwa na nafasi 70 katika 100 ya kushinda, yaani timu ambazo barazani kila mtu angeziapia. Nafasi ya zote kumi kushinda pamoja haifiki 3 katika 100, ilhali nafasi ya kukosa kwa timu moja tu ni kama 12, mara nne na zaidi. Kwa hiyo yule asemaye kwamba amekaribia, na kwamba juma lijalo atapata, hakukaribia lolote. Yamemfika yale ambayo mkeka mrefu huyaleta kwa kawaida yake. Kadhalika, kampuni hukata fungu lake ndani ya bei ya kila mechi, na mafungu hayo huzidishana mkeka unaporefuka: likiwa ni 5 katika 100 kwa mechi moja, kwa mechi kumi linafika 40. Si ajabu basi kwamba matangazo huusifu mkeka mrefu kwa bonasi na mbwembwe.

Wako wasemao kuwa aujuaye mpira hapotei. Mwezi wa Oktoba 2023 Sandro Tonali, kiungo wa Newcastle, alifungiwa miezi 10 kwa kubeti kinyume cha kanuni, na wakala wake akatangaza hadharani kuwa kijana huyo ni mgonjwa wa kamari. Lau ujuzi wa mpira ungalikuwa kinga, yeye angalikingika kabla yetu sote. Matabibu wa akili wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2013, waliiweka kamari iliyomshinda mtu katika fungu moja na uraibu wa pombe na wa dawa za kulevya. Sisi bado twaihesabu kuwa tabia mbovu ambayo dawa yake ni mawaidha. Uharamu wake Waislamu miongoni mwetu waliusoma tangu chuoni, na Wakristo wamekwisha kuhubiriwa. Tulilolishuhudia ni kwamba aliyenaswa, kila akihubiriwa, huzidi kujificha.

Ushauri wetu ni kwamba mtu asiitegemee nia yake ya saa nane za usiku, bali aitumie nia ya asubuhi, akili ikiwa timamu, kuifunga milango. Mpango wa GAMSTOP, usio na ada, humfungia mtu tovuti na programu zote za kamari zenye leseni ya hapa kwa miezi 6, mwaka 1 au miaka 5, na muda huo haufupishwi hata akilia. Benki nyingi nazo zina kitufe cha kuzuia malipo ya kamari, ambacho kukifungua tena humlazimu mwenye akaunti kungoja hata hamu ipoe. Lakini pana mwanya ambao wenyeji hawaujui, nao ni laini za nyumbani: mwenye M-Pesa ya Nairobi au ya Dar es Salaam hazuiliwi na mpango wa huku, kwa hiyo laini hiyo na akabidhiwe dada au mke. Aonaye kwamba amekwisha zidiwa apige simu ya GamCare, 0808 8020 133, ambayo ni bure usiku na mchana.

Klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuziondoa nembo za kamari vifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26, ingawa mikono ya jezi na mabango ya uwanjani hayakuguswa. Sisi nasi tumekata shauri letu. Kuanzia toleo hili, jarida halitapokea tangazo la kampuni ya kamari wala la wakala wake, na kundi letu la simu, lililofunguliwa kwa ajili ya misiba na harusi, halitakuwa tena pahali pa kurushia mikeka ya uhakika. Ama kibati, yaani mchango wetu wa kupeana fedha kwa zamu, mtu akiomba kwa mara ya pili zamu yake iwahishwe, mweka hazina amuulize kwa faragha na kwa sitara kabla ya kumhesabia fedha. Mwenye kuupinga uamuzi huu atuletee barua kabla ya mkutano mkuu. Tutaichapisha kama ilivyo.