Mapishi ya Chupani Yabaki Wazi

Wadau, leo naweka kando mambo ya seva na kodi, naingia kitaluni. Msikimbie. Mtaona ni mjadala uleule tunaoupiga hapa kila siku: nani ana ruhusa ya kunakili, na nani ameshika mapishi.

Wengi wenu mmesikia kuhusu ndizi za "tishu kalcha". Mkulima hununua mche uliokulia ndani ya chupa maabarani, badala ya kuchimbua chipukizi kwa jirani na kubeba pamoja nacho minyoo na magonjwa. Njia hiyohiyo hutumika kuzalisha vichaka vya maua ya mapambo. Maoni yangu ni haya: njia hii ilifika mbali kwa sababu mapishi yake yalichapishwa wazi, na kila aliyekuja akayarekebisha. Tukianza kuyafungia kabatini, tutajirudisha nyuma wenyewe.

Chukueni mfano wa kalmia, Kalmia latifolia kwa jina la kisayansi. Ni kichaka cha mashariki mwa Marekani, na ndilo ua rasmi la majimbo ya Connecticut na Pennsylvania. Shida yake ni moja. Ukipanda mbegu, watoto hawafanani na mama. Ukikata tawi ulichomeke kwenye udongo, mara nyingi linakataa kutoa mizizi. Kwa hiyo ukibahatika kupata kichaka chenye rangi ya ajabu, una faili moja tu nzuri kwenye mashine isiyokubali kunakili.

Maabara hufanya hivi. Unakata ncha ndogo ya chipukizi, unaiosha kwa dawa ya klorini kuua vijidudu, kisha unaiweka kwenye chupa yenye maji, chumvi za madini, sukari, vitamini na homoni, vyote vikigandishwa kwa agari kama jeli. Chupa na chakula chake huwa vimechemshwa kwa presha kwenye nyuzi 121, maana bakteria mmoja akiingia atakula sukari yote kabla ya mmea kuamka. Homoni za kundi la saitokinini huuambia mmea utoe machipukizi mengi. Unayatenganisha, kila moja linaingia chupa yake, na mzunguko unaanza upya.

Sasa pigeni hesabu. Tuseme kila chipukizi linatoa manne kila wiki 6, na hakuna linalokufa. Baada ya mizunguko 8, yaani wiki 48, ncha moja imekuwa vichipukizi 65,536. Mwanaprogramu yeyote anaijua namba hiyo! Bila shaka wengine hufa, hasa siku ya kutolewa chupani. Majani yaliyozoea unyevu wa chupa hayajui kujikinga na hewa kavu, kwa hiyo huzoeshwa polepole chini ya plastiki. Hata hivyo mnaona nguvu ya kitu chenyewe.

Mapishi yalitoka wapi? Mwaka 1962, Toshio Murashige na Folke Skoog wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha orodha kamili ya chakula cha chupani, waliyoitengeneza kwa kutumia tumbaku. Kila chumvi ina uzito wake, hadi miligramu. Maabara za dunia nzima zinaitumia mpaka leo. Lakini vichaka vingi vyenye mbao havikuipenda, ilikuwa na chumvi kali mno kwao. Mwaka 1980, Greg Lloyd na Brent McCown wa chuo hichohicho wakaitoa njia yao wakiishughulikia kalmia. Amoniamu naitreti ilishuka kutoka miligramu 1,650 kwa lita hadi 400. Potasiamu naitreti ikatolewa kabisa, potasiamu ikaletwa kwa njia ya salfeti. Walichapisha matokeo kwenye jarida la chama cha kimataifa cha wazalishaji wa miche, chama ambacho kauli mbiu yake ni kutafuta na kushirikiana.

Hiyo, ndugu zangu, ni programu huria. Mtu kachukua kazi ya mwenzake, kabadilisha mistari michache, karudisha kwa umma. Leo mapishi ya kalmia hutumika kwa mimea mingi ya mbao ambayo wale wawili hawakuwa wakiifikiria.

Najua kuna atakayesema: "Na mtu aliyehangaika miaka kadhaa kutafuta ua jipya, ale nini?" Swali la haki. Marekani ilipitisha sheria ya hataza za mimea mwaka 1930, ikikataza kuzalisha aina iliyolindwa bila idhini. Kenya ilijiunga na UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na KEPHIS ndiyo inayosimamia haki hizo hapa kwetu. Mimi sipingi. Ua jipya ni la mbunifu wake kwa muda uliowekwa na sheria. Lakini tusichanganye ua na mapishi. Wimbo unaweza kuwa na mwenyewe, lakini ujuzi wa kupiga gitaa hauna mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kutaka uwazi: nakala huharibika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti Marekani walikuwa wakieleza vivimbe vya ajabu kwenye shina la rododendroni, jamaa wa kalmia, hasa zilizozalishwa maabarani. Vilifanana na ugonjwa unaoletwa na bakteria, lakini bakteria mwenyewe hakupatikana. Sasa fikiria umeuza maelfu ya miche kutoka kwa mama mmoja. Mteja atajuaje mche wake ulizungushwa chupani mara ngapi, na kwa kiasi gani cha homoni? Bila kumbukumbu zilizo wazi, hakuna wa kutafuta hitilafu. Kila mwanaprogramu amewahi kukabidhiwa mfumo usio na maelezo, anajua uchungu wake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, maabara zinazoendeshwa kwa kodi yetu zichapishe mapishi yao yote, pamoja na majaribio yaliyofeli, na kwa Kiswahili pia. Mwenye kitalu kando ya barabara asihitaji shahada ili ajue kupima sukari. Pili, anayeuza miche ya chupani aandike historia ya nakala zake.

Tuna vichaka vyetu vya kupendeza. Waridi la jangwani, Adenium obesum, humea lenyewe katika sehemu kavu za nchi hii, na watu ng'ambo hulifuga kwenye vyungu kama pambo. Mbegu zake nazo hazitoi watoto wanaofanana na mama. Kijana wa hapa akiona moja lenye rangi isiyo ya kawaida, ningependa awe na pa kuanzia, asianze na mlango uliofungwa.

Wewe waonaje? Kama unafanya kazi maabara ya aina hii, karibu unisahihishe hapo chini kwenye maoni.