Si Kila Jiwe Jeusi ni Bati

Katika nyumba nyingi za Kigali neno bati humkumbusha mtu paa. Lakini bati la paa ni chuma kilichopakwa zinki. Bati lenyewe ni jeupe kama fedha, nalo huyeyuka kwa joto la digrii 232 tu. Ndilo lipakwalo juu ya chuma cha makopo ya chakula ili kisishike kutu, na ndilo fundi wa redio alitumialo kulehemu nyaya.

Asili yake haiko mbali. Katika milima ya Rutongo, kaskazini ya jiji, madini ya bati yamechimbwa tangu miaka ya 1930, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kuyayeyusha kilijengwa Karuruma. Hata hivyo, mchimbaji hakuti bati jeupe ardhini. Hukuta kasiteriti, yaani bati lililoungana na oksijeni: punje za kahawia au nyeusi zenye kumetameta, zilizolala ndani ya mawe meupe ya kwatsi.

Hapo ndipo wengi hupotezwa na macho. Koltani ni nyeusi, wolframu ni nyeusi, na hata mawe ya chuma huweza kuwa meusi. Auzaye moja kwa bei ya jingine hupoteza jasho la siku nyingi.

Zipo alama tatu za kufuatwa. Ya kwanza ni uzito: kasiteriti ni nzito karibu mara 7 kuliko maji, hali kwatsi haifiki mara 3. Ya pili ni ugumu, kwani ncha ya kisu haiikwaruzi. Ya tatu, ambayo ni kubwa zaidi, ni unga wake. Punje ikisuguliwa nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa, kasiteriti huacha alama nyeupe au ya kahawia hafifu. Mawe ya chuma huacha wekundu au weusi. Wolframu na koltani huacha weusi au kahawia iliyokolea.

Alama hizi humkinga mtu na udanganyifu, lakini hazipangi bei. Kasiteriti safi ina sehemu karibu 79 za bati katika kila 100. Ile ya mfukoni huwa na uchafu, na maabara ndiyo huamua kiasi chake. Basi mchimbaji na aoshe, asugue na ashuhudie mizani kwa macho yake mwenyewe kabla ya kupokea malipo.