Waimbaji Ni Nguzo Wakati wa Msiba Mkubwa

Mwezi huu tutaacha kidogo habari za kahawa na migomba. Tutazungumza juu ya msiba mkubwa, na juu ya kazi ambayo waimbaji wetu wanaweza kuifanya.

Labda utauliza: Bwana shamba anaingiaje katika mambo ya kwaya? Jibu ni rahisi. Kazi yangu ni kuzunguka vihambani. Nikifika katika kihamba chenye msiba naona mambo mengi. Kahawa imeiva, haikuchumwa. Machipukizi ya migomba hayakupunguzwa. Ng'ombe analia bandani, hana majani. Mwenye kihamba si mvivu. Moyo wake umeumia. Mtu huyu hawezi kusikia somo la mbolea. Kwanza asaidiwe kubeba huzuni yake.

Msiba wa nyumba moja ni mzito. Lakini kuna misiba inayopiga nyumba nyingi kwa siku moja. Mkoa wetu wa Kilimanjaro unaijua. Mwezi Juni 1994, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo. Wasichana 42 walikufa. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi mjini Moshi. Mwezi Juni 2025, magari mawili ya abiria yaligongana wilayani Same na kuwaka moto. Watu zaidi ya 35 walikufa. Baadhi yao walikuwa wakienda harusini.

Misiba ya namna hii ina shida yake. Jirani ambaye angekuja kukufariji, naye amefiwa. Mwalimu analia, na wanafunzi wanalia. Je, nani atamshika mwenzake?

Hapa ndipo waimbaji wanapohitajika. Wote tunajua kwamba mgomba wenye mkungu mzito huegemezwa kwa mti. Mti ule hauondoi uzito wa mkungu. Kazi yake ni kuuzuia mgomba usianguke. Mwimbaji aliyefundishwa ni kama mti ule. Haondoi huzuni. Anawashika watu wasianguke.

Kwa nini nasema mwimbaji aliyefundishwa? Kila mtu anaweza kuimba. Lakini wakati wa kilio sauti hukatika. Mtu anaanza wimbo, machozi yanamzuia, na wimbo unakufa. Kwaya iliyofundishwa ina sauti nne. Mmoja akishindwa, wenzake wa sauti ile wanaendelea. Waimbaji wamejifunza kutunza pumzi. Mwalimu wao anajua kuanza wimbo kwa sauti ya wastani, ili wazee na watoto waweze kuufuata. Hivyo mfiwa anaweza kuimba mstari mmoja, akalia, kisha akaingia tena. Wimbo upo, unamngoja.

Kuna faida ya mwili pia. Mtu mwenye huzuni kali hupumua kifupi kifupi. Anayeimba hana budi kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Pumzi ikitulia, mwili nao huanza kutulia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyokusanya tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya. Ripoti hiyo ilionyesha kwamba muziki na sanaa nyingine zinaweza kusaidia afya ya mwili na ya akili.

Tutazame pia majirani zetu wa Rwanda. Mwaka 1994 watu wengi sana waliuawa katika mauaji ya kimbari. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, Wanyarwanda hukusanyika kuwakumbuka waliokufa, na nyimbo za kumbukumbu huimbwa. Lakini wenzetu wamejifunza jambo moja. Wimbo unaweza kufungua kidonda. Watu wengine hupiga kelele au kuzimia. Kwa hiyo katika mikusanyiko mikubwa huwekwa wasaidizi waliofundishwa, wa kuwatoa watu hao nje na kukaa nao. Hilo ni somo kwetu.

Hapa Kibosho, kuanzia Umbwe mpaka Kirima, tuna kwaya makanisani na shuleni. Tunaweza kuzitumia vizuri. Haya ndiyo mambo ya kufuata:

1. Ulizeni wafiwa kwanza. Wengine wanataka wimbo, wengine wanataka kimya. Ndugu zetu Waislamu wana utaratibu wao wa dua na kisomo. Kwaya isiende kuimba huko. Iende kuteka maji na kupasua kuni.

2. Chagueni nyimbo zinazojulikana na watu wote. Msibani si mahali pa kuonyesha wimbo mpya. Kama watu wanasikiliza tu na hawaimbi, kwaya haijafanya kazi yake.

3. Imbeni kwa sauti ya chini. Acheni vipaza sauti vikubwa. Acheni kushindana kwaya kwa kwaya. Msipige picha za watu wanaolia.

4. Wekeni watu wawili au watatu wasioimba. Kazi yao ni kumtazama anayeanguka, kumpa maji, na kukaa naye.

5. Wapeni watoto nafasi. Mtoto aliyefiwa na wenzake wa darasa mara nyingi hana maneno. Wimbo anaoujua humpa maneno.

6. Rudini. Hili ndilo kubwa. Siku ya mazishi watu hujaa. Matanga yakiisha, njia ya kihambani inabaki kimya, na kaburi liko pale pale migombani. Waimbaji wanne wakipita jioni baada ya wiki mbili, wakaimba wimbo mmoja na kuchuma debe moja la kahawa, wamefanya kazi kubwa kuliko kwaya ya watu hamsini siku ya mazishi.

7. Waimbaji nao watunzwe. Wao pia ni wafiwa. Baada ya kazi hiyo wakae pamoja, wanywe chai, waseme yaliyo moyoni.

Ndugu msomaji, wimbo una mipaka yake. Mtu asiyelala siku nyingi, asiyekula, au anayesema anataka kufa, apelekwe zahanati au hospitali upesi. Tena wimbo hauzimi moto. Kwaya ikiimba siku ya kumbukumbu, viongozi watumie siku hiyo kukagua milango ya mabweni, mishumaa na nyaya za umeme. Kuwakumbuka marehemu ni pamoja na kuwalinda walio hai.

Hatujui siku ya msiba. Kwa hiyo walimu wa kwaya wasingoje. Wakutane sasa na mwenyekiti wa kijiji, wachague nyimbo tano zinazojulikana na kila mtu, na wapange nani atafanya kazi gani. Mti wa kuegemeza mgomba hukatwa mapema, kabla mkungu haujauangusha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
(a) Katika kijiji chenu, ni nani huwatembelea wafiwa baada ya matanga?
(b) Ni nyimbo gani tano zinazojulikana na wazee na watoto?
(c) Ni nani watafundishwa kuwasaidia wanaozidiwa na huzuni?