Unamrekodia nani?

JICHO LA KIVUKONI
Na Mwanahamisi Pazi

Pita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, asubuhi kabla msongamano haujakolea, utawakuta. Binti amesimama mlangoni mwa duka, simu iko kwenye stendi, taa ya duara inawaka ingawa jua limeshatoka. Anageuza gauni ndani nje, ananyoosha mshono, anavuta zipu juu na chini, anataja bei ya jumla na ya rejareja, kisha anaanza upya kwa sababu bodaboda imepiga honi katikati ya maneno yake. Hatua chache mbele kijana anafungua belo la mtumba huku mwenzake akimrekodi. Ukivuka Mnazi Mmoja ukashuka huku kwetu Kivukoni, sokoni Feri utamkuta mwingine akieleza namna ya kumtambua samaki aliyelala na yule aliyetoka majini alfajiri.

Wazazi wengi wananiuliza: hawa watoto wanasukumwa na nini? Vijiweni jibu huwa tayari: pesa na umaarufu. Jibu hilo nimelisikia mno, na sikubaliani nalo. Pesa imo, tena ni halali kuitafuta. Lakini ukiwasikiliza wenyewe, utagundua kwamba wengi wanaoanza, na karibu wote wanaodumu, wameanza kwa sababu kuna mtu waliyetaka kumfikia.

Tufanye hesabu ya pesa kwanza, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Tangu mwanzoni mwa 2018, YouTube inamtaka mwenye chaneli awe na watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo aanze kugawiwa mapato ya matangazo kwenye video za kawaida. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila anayeifungua video akikaa dakika tatu, na kwa mtu asiyejulikana dakika tatu ni nyingi, basi video zake lazima zitazamwe mara 80,000. Akishavuka hapo, malipo hayatoki mpaka yafike dola 100 za Marekani, na anwani yake huthibitishwa kwa namba inayotumwa kwa barua ya posta. Kijana asiye na sanduku la posta huanza kumtafuta mjomba mwenye nalo. Muda wote huo bando ananunua yeye, simu ni yake na usingizi anaoukosa ni wake. Aliyeanza kwa ajili ya fedha hiyo peke yake huchoka kabla haijamfikia.

Sasa rudi Kariakoo uone wanaodumu. Soko hili lina kazi yake iitwayo uwinga. Winga hana duka wala mzigo. Ana mdomo, miguu na ramani ya mitaa kichwani. Humpokea mteja pale Msimbazi, humwingiza dukani, na riziki yake ni ile tofauti kati ya bei ya mwenye duka na bei anayolipa mteja. Siku hizi winga anarekodi. Mteja wake yuko Songea, Tunduma au Kigoma, au ng'ambo ya mpaka, Lusaka na Lubumbashi, ambako mizigo ya Kariakoo imekuwa ikienda miaka na miaka. Mteja huyo hawezi kushika kitambaa. Ameshasikia habari za watu waliotuma pesa wakaletewa matambara, au wasiletewe kitu kabisa. Hofu yake ni ya haki.

Winga anayeijua kazi hurekodi kwa ajili ya hofu hiyo. Anaonyesha lebo, anapima kiuno kwa futi, anataja kasoro kabla hajaulizwa. Jioni anarekodi boksi likifungwa na kupakiwa basini. Hapo hakuna muziki wa kuchezea wala maneno ya kuchekesha, na watazamaji huenda wasifike hata mia mbili. Lakini miongoni mwa hao yumo mama mwenye duka Mbeya, ambaye kesho atatuma pesa ya mzigo bila kupanda basi kuja Dar es Salaam. Amejiokolea nauli, kulala gesti na siku mbili za kufunga duka. Video imeziba pengo la uaminifu kati ya watu wawili ambao hawajawahi kuonana.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zote, Kariakoo ya leo inaudai msemo huo nyongeza. Kodi ya fremu ya chini inayotazama barabara haimfai kijana mwenye mtaji mdogo. Yeye hupata kachumba ghorofani, mwisho wa korido, ambako hata mkazi wa Ilala hafiki bila kuelekezwa. Chema kilichofungiwa huko juu hakijiuzi hata kidogo. Anayekitembeza kwa simu hajakishushia hadhi, amekipa mlango.

Biashara ni sababu moja. Ya pili ni mapenzi, na mfano wake mkubwa tunao mkoa jirani wa Pwani. Kili Paul, kijana wa Kimasai wa Mindu Tulieni, Chalinze, alianza kujirekodi na dada yake Neema wakifuatisha midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wamevaa mavazi yao ya nyumbani, nyuma yao maboma na ng'ombe. Mwaka 2021 video zao zikaenea India nzima. Februari 2022 Ubalozi wa India hapa Dar es Salaam ulimtunuku, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika hotuba yake ya redio kwa Wahindi wote. Hakuna mtaalamu wa masoko aliyempangia. Alizipenda filamu hizo tangu utotoni, akataka mwingine aone anavyozipenda.

Na mapenzi hayo yana mizizi katika mitaa yetu hii. Avalon, Empire na Empress zilikuwa kumbi za sinema za katikati ya mji, na vizazi vya watu wa Dar es Salaam vililia na kucheka humo kwa filamu za Bombay bila kuielewa lugha yake. Baadaye, enzi za kanda za video, akatokea Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili ili asiyejua Kiingereza wala Kichina afuate kisa. Alikuwa amekiona kilio cha watu wanaotazama wasichokielewa, akakaa kati yao na skrini. Mtu anayetafsiri klipu leo kwenye simu ni mrithi wa kazi hiyo, awe anajua au hajui.

Sababu ya tatu ni heshima ya kazi. Fundi simu, fundi cherehani, fundi friji: mji huu unaendeshwa na mikono yao, lakini wengi hawana cheti cha kutundika ukutani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, na ni jambo jema. Ila fundi anayerekodi namna ya kufungua simu iliyoingia maji, hatua kwa hatua bila kuficha siri ya kazi, ameshafanyiwa mtihani mbele ya mafundi wenzake. Watamsahihisha, watabishana naye, na wengine watamfuata dukani. Anapata kile ambacho mshahara peke yake hautoi: kutambuliwa na wanaoijua kazi.

Ipo pia sababu ya nne, nayo inanihuzunisha. Ni kiu ya kuonwa na yeyote, kwa lolote. Mtaani tunaiita kutafuta kiki. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, watu walikuwa wamenasa chini ya kifusi huku ndugu zao wakisubiri nje. Video za eneo lile zilienea nchi nzima siku ileile. Baadhi zilisaidia: zilitoa taarifa, zikawajulisha ndugu, zikaomba damu na vifaa. Nyingine zilikuwa nyuso za majeruhi zilizosogezewa kamera karibu, bila jina la kumwita ndugu wala namba ya kupigia. Simu ni ileile na kifusi ni kilekile. Kilichotofautisha ni mtu aliyekuwa akilini mwa mrekodi: aliyenaswa na nduguye, au mrekodi mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana anayenunua stendi ya simu pale Mtaa wa Aggrey ni moja: unamrekodia nani? Akiwa na jibu, hata kama ni shangazi mmoja wa Sumbawanga anayetaka vitenge, ana pa kuanzia. Atajua aseme nini, aonyeshe nini, aache nini. Atajua pia kwamba mteja aliyepita nyuma yake dukani hakuomba kuonwa na dunia, na kwamba tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi.

Swali hilohilo nawapelekea wanaotunga kanuni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui mtandaoni ziliweka ada ya maombi Sh100,000, ada ya leseni Sh1 milioni na ada ya mwaka Sh1 milioni nyingine. Kwa kituo chenye wafadhili hilo liliwezekana. Kwa kijana wa Kivukoni mwenye simu moja na jambo la kueleza, ulikuwa ukuta. Kanuni zile zilimwona kila mwenye kamera kuwa mtangazaji mwenye mtaji, na ni vyema ada zikaja kushushwa 2022. Lakini fikra iliyozaa ada zile bado ipo. Sheria ya Fedha ya 2024 imeleta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui. Sina ugomvi na kodi, anayepata achangie. Ninachodai ni kwamba tusianze kumhesabia mtu mavuno kabla hatujamsaidia kupanda.

Na tukumbuke jinsi maisha ya watu yalivyofungamana na mtandao huu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Yaliyotokea siku zile ni mazito kuliko biashara, na familia nyingi zilikuwa zikiwatafuta watu wao. Lakini hata kwa upande wa riziki peke yake, winga hakuweza kuonyesha mzigo, na mteja wa Tunduma hakujua kama aliyemtumia pesa bado yupo. Kuuzima mtandao ni kufunga soko, na anayelifunga anapaswa kujua amewafungia kina nani.

Wazazi, nina ombi kwenu. Mtoto akikwambia anataka kuanza kurekodi, usimkatishe kwa kusema ni uvivu, wala usimsukume kwa tamaa ya dola. Kaa naye. Mwambie akuonyeshe video tatu, akueleze kila moja ni ya nani na itamfaa vipi. Asipoweza kujibu, msaidie atafute jibu kwanza, hata ikibidi aende dukani kwa jirani akajifunze kazi kabla ya kuionyesha.

Nanyi vijana wa Mtaa wa Kongo, wa Msimbazi na wa hapa Feri, ambao jamii inawatazama kwa jicho la pembeni kila mnapowasha taa zenu: mnafanya kazi halali. Onyesheni kasoro ya nguo kabla mteja hajaiona. Msimrekodi mgonjwa ambaye hamwezi kumsaidia. Msitumie uso wa mtoto kuuza. Mkiwaheshimu hivyo watu wasiowaona, mtabaki na wateja hata baada ya programu hizi kubadilisha masharti yake, kama zinavyofanya kila mara. Masharti ya kampuni hamwezi kuyatawala. Neno lenu kwa mteja mnalitawala, na kwa mtaji huo hata mwenye simu ya mkopo anaweza kuanza kesho asubuhi.