Haki za Raia Si Somo la Hiari



Katika likizo iliyopita tulikaa nje ya kanisa, hapa Birongo, pamoja na wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne waliokuwa wamebaki baada ya ibada. Tuliwauliza rais wa kwanza wa Marekani alikuwa nani, na mikono yote ikapaa. Tuliwauliza bunge la nchi hiyo lina mabaraza mangapi. Walijibu bila kusita, na msichana mmoja akaongeza kwamba kila jimbo, liwe kubwa au dogo, huchagua maseneta wawili. Ndipo tukawauliza swali la nyumbani: polisi akikukamata leo jioni sokoni, sheria inamruhusu akuweke korokoroni kwa muda gani kabla ya kukufikisha mahakamani? Walinyamaza wote. Hatimaye kijana mmoja akasema, "Mpaka mzazi alete pesa." Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyempinga.

Jawabu la katiba ni saa ishirini na nne. Limeandikwa katika Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya, ambayo wananchi waliipitisha kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na ikazinduliwa rasmi tarehe 27 mwezi huo huo. Ikiwa saa hizo zitamalizika wakati mahakama imefungwa, mshukiwa afikishwe huko siku ya kazi inayofuata. Kifungu hicho kinasema pia kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Kwamba ana haki ya kunyamaza. Na kwamba ana haki ya kuwasiliana na wakili. Kijana yule hakuwa mjinga. Alisema yale aliyoyaona kwa macho yake, kwa kuwa hapana mtu aliyemwonyesha yale yaliyoandikwa.

Hatuwalaumu walimu, ambao wengi wao hufundisha madarasa yaliyofurika, wakifukuzana na muhtasari wa mtihani. Wala hatusemi kwamba historia ya Marekani iondolewe darasani. Mtaala wa 8-4-4 uliiweka serikali ya Marekani katika Kidato cha Nne, pamoja na zile za Uingereza na India, na kulikuwa na busara katika jambo hilo. Tunalolalamikia ni namna somo lenyewe linavyofundishwa: kama orodha ya majina na vyeo ya kukaririwa, ilhali ni habari ya watu waliodai haki, wakanyimwa, wakadai tena.

Na ifundishwe hivyo. Mwanafunzi aambiwe kwamba mwaka 1776 Wamarekani walitangaza kuwa watu wote wameumbwa sawa, na kwamba miongoni mwa waliotia sahihi tangazo hilo walikuwamo wenye watumwa. Aambiwe kwamba katiba yao ya mwaka 1787 ilipoandikwa haikuwa na orodha ya haki za raia; wananchi walinung'unika, na marekebisho kumi ya kwanza yakaongezwa mwaka 1791. Aambiwe kwamba utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba wanawake walisubiri hadi mwaka 1920 ndipo katiba ilipowalinda wasinyimwe kura kwa ajili ya jinsia yao. Akiyajua haya, mwanafunzi atatambua kwamba haki haiteremki kutoka ikulu kama mvua. Hudaiwa na watu wanaoijua.

Historia hiyo, zaidi ya hayo, inaigusa nchi yetu moja kwa moja. Mwanasheria Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, ndiye aliyewaongoza mawakili waliopata ushindi mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954, katika kesi iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za serikali. Mwezi Januari mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, mtu huyo huyo alikuja Kenya, kisha akaenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House. Huko aliandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya Kenya. Rasimu hiyo haikuchukuliwa neno kwa neno. Hata hivyo, wakili aliyefungua milango ya shule kwa watoto weusi wa Marekani aliketi na viongozi wetu kutafakari haki za mtoto wa Mkenya. Ni wanafunzi wangapi wa Gusii wanaolijua jina lake?

Kenya, basi, ilipata uhuru mwaka 1963 ikiwa na katiba yenye sura nzima ya haki za raia. Ilikuwaje tukaipoteza? Ilimegwa kidogo kidogo. Mwaka 1966 mlango wa kumweka mtu kizuizini bila kesi ulifunguliwa upya. Mwezi Juni mwaka 1982 Bunge lilipitisha Kifungu cha 2A, na kuanzia siku hiyo ikawa hatia kuwa na chama kingine mbali na KANU. Mwaka 1988 wananchi walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na mwaka huo huo majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Kila kipande kilipoondolewa, wachache walipiga kelele. Walio wengi walinyamaza: wengine kwa hofu, na wengine kwa kuwa hawakujua kilichokuwa kikiondolewa. Mtu hawezi kulilia shamba asilojua kuwa ni lake.

Kati ya wachache waliopiga kelele alikuwamo jirani yetu, marehemu George Anyona. Mwaka 1977, akiwa mbunge wa Kitutu Mashariki, alitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982, alipokuwa na Jaramogi Oginga Odinga katika mipango ya kuunda chama cha pili, alitiwa kizuizini tena. Alikamatwa mara nyingine mwezi Julai mwaka 1990, siku za Saba Saba, na mwaka uliofuata yeye na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha miaka saba kwa madai ya uchochezi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Anyona akaachiliwa mapema mwaka 1992, na kabla mwaka huo haujaisha wapigakura wa Kitutu Masaba wakampeleka Bungeni. Mtoto wa Birongo anayefundishwa habari za George Washington afundishwe pia habari za George Anyona. Wa kwanza yuko mbali, na wa pili alipita katika barabara hizi hizi.

Tunasikia pingamizi, hata kutoka kwa wazee wetu wa kanisa. Wanasema kwamba ukimfundisha mtoto haki zake utamfundisha kiburi. Kwamba wanafunzi wamekwisha kuchoma mabweni ya kutosha. Pingamizi hili tunaliheshimu, kwani mzazi aliyelipa karo kwa jasho la majani chai ana haki ya kuogopa moto. Lakini tumsomee mzazi huyo Kifungu cha 37. Kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Mwenye kushika kiberiti hajakifuata kifungu hicho, amekivunja. Kijana aliyefunzwa kuandika barua ya malalamiko na kuifikisha kwa utaratibu ana njia nyingine zaidi ya moto.

Hapa tena Marekani ina la kutufunza. Mwaka 1965 wanafunzi wachache wa Des Moines walivaa vitambaa vyeusi mikononi kupinga vita vya Vietnam, nao wakasimamishwa masomo. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanafunzi haachi haki zake langoni anapoingia shuleni, mradi tu asivuruge masomo. Ndilo tunaloliomba hapa kwetu: haki na nidhamu zifundishwe pamoja, kwa kitabu kimoja. Na nidhamu yenyewe isiwe ya kiboko. Kumchapa mwanafunzi kulipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikataza waziwazi. Mwalimu mwenye kiboko mkononi atafundishaje Kifungu cha 29?

Na nyinyi waumini, kumbukeni Mtume Paulo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 22, askari walipokwisha kumfunga ili wampige mijeledi, hakupigana nao wala hakuwatukana. Alimuuliza akida kama ilikuwa halali kumpiga raia wa Kirumi kabla ya kuhukumiwa. Kwa swali hilo moja mijeledi iliwekwa chini, na jemadari mwenyewe akaingiwa na hofu. Paulo aliokoka siku ile kwa sababu aliijua sheria ya nchi na akaitaja kwa utulivu. Kanisa linalomhubiri Paulo lisione haya kumfundisha kijana wake swali la Paulo.

Wala wasitudanganye watu kwamba vijana hawapendi mambo haya. Mwezi Juni mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa Bungeni, vijana waliusoma kifungu kwa kifungu na kuwafasiria wazazi wao kwa lugha za nyumbani. Walishuka barabarani katika miji mingi, Kisii ikiwamo, wakitaja Kifungu cha 37 kwa nambari yake. Wengine walilipa kwa uhai wao. Rais alitangaza tarehe 26 Juni kwamba hatautia mswada huo sahihi. Vijana hao walijifunza katiba katika simu zao. Ni fedheha kwetu kwamba wengi wao hawakuipata darasani.

Kwa hivyo, tunasema hivi. Kwanza, haki za raia zisiachwe kwa wanaochagua Historia peke yao. Katika 8-4-4 wanafunzi wengi waliliacha somo hilo baada ya Kidato cha Pili, na katika mtaala mpya, Historia na Uraia ni somo la kuchagua kwenye sekondari ya juu. Fundi, muuguzi na mkulima watakamatwa, watapiga kura na watatozwa kodi sawa na mwanahistoria. Sura ya Nne ya Katiba na isomwe na kila mwanafunzi. Pili, kila kanisa litenge saa moja kwa mwezi katika likizo za shule, na mwanasheria au mwalimu alionao aisome sura hiyo na vijana, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii. Tatu, kila mzazi aulize nyumbani lile swali tulilouliza sisi, na kama yeye mwenyewe halijui jibu, akae chini ajifunze pamoja na mwanawe.

Kifungu cha 3 kinamtaka kila mtu aiheshimu, aitetee na ailinde Katiba. Hakuna awezaye kulinda asichokijua. Uchaguzi mkuu huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na baadhi ya wale tuliokaa nao nje ya kanisa watakuwa wapigakura. Likizo ijayo tutarudi pale pale na swali lile lile. Tunatumaini kwamba kijana yule atajibu, "Saa ishirini na nne," na kwamba atakuwa amemwambia na mzazi wake.